Mama Vifungo na Bwana Kesho

Kabla ya kumshtaki tajiri wake, Mama Vifungo hakuwahi kumshtaki mtu yeyote, hata yule jirani ambaye mbwa wake alimmalizia kuku watatu. "Nitapata wapi muda wa kugombana na watu?" alikuwa akisema. Na kweli muda hakuwa nao. Kila asubuhi alikuwa na mume wa kumtengea chai, binti wa kumsukuma aende shule, na mama mkwe wa kumpa vidonge viwili kabla ya kula na kimoja baada ya kula. Kisha alitembea nusu saa kwa miguu hadi karakana ya ushonaji, alikokuwa akiendesha mashine ya kutoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Aliifanya miaka sita, na akichangamka alipenda kusema kwamba nusu ya mji hawawezi kujisitiri bila yeye.

Karakana ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi, kwa hiyo hata kitambaa kipya kilinuka mpira. Walikuwa wanawake tisa. Anayekata vitambaa, mwanamke mrefu kuliko wote, walimwita Mkasi, na si kwa sababu ya kazi yake peke yake. Ulimi wake nao ulikata. Ukutani kulikuwa na saa kubwa iliyokwenda mbele dakika kumi. Kila mmoja alijua kwamba tajiri mwenyewe ndiye aliyeisogeza. Ukiingia saa hiyo imeshapita mbili kamili, unapewa kikaratasi cha faini chenye mhuri na sahihi, na mshahara wa siku unamegwa.

Aliyeongoza kwa vikaratasi alikuwa Mama Vifungo. Mama mkwe wake alikuwa na kliniki ya shinikizo la damu kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne. Mama Vifungo alimfikisha, akamsubiri mpaka apimwe, akamkalisha kwenye benchi la dawa, halafu akatimua mbio kazini. Mambo ya faini hakumwambia. Kwa hiyo bibi yule, ambaye hakuwa na ulimi mtamu hata siku alipokuwa mzima, aliwalalamikia majirani: "Mke wa mwanangu ananibwaga pale kama gunia la mkaa."

Tajiri wao hakuwa mtu wa kufoka. Afadhali angekuwa anafoka. Alikuwa na sauti ya upole na shati jeupe lililonyooka, na ukimuuliza habari ya mshahara aliweka mkono kifuani kama anayekula kiapo. "Kesho, dada zangu. Kesho mchana, Mungu akipenda." Ndiyo maana kwa siri walimwita Bwana Kesho. Mwezi wa kwanza aliwapa nusu. Mwezi wa pili hakuwapa kitu. Wa tatu aliwanunulia soda. Ulipofika wa tano, Mama Vifungo alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba, ada ya shule, na deni la unga kwenye duka ambalo sasa alilipitia upande wa pili wa barabara. Mumewe alikuwa fundi rangi, na kazi za rangi zilikuja kwa matone.

"Hospitali haijalipa zile sare za wauguzi," Bwana Kesho aliwaambia. "Siku wakilipa wao, nanyi mmelipwa."

Walimwamini. Zile sare walizishona wenyewe, mia nne na zaidi, na walijua mzigo ulivyokuwa mkubwa.

Jumanne moja, muuguzi alipoinama kumfunga mama mkwe kile kitambaa cha kupimia presha, macho ya Mama Vifungo yalitua kifuani pake. Matundu sita, yamekazwa mara mbili kwenye ncha. Aliyajua kama mtu anavyoujua mwandiko wake.

"Sare imekukaa, dada," alisema. "Ila nasikia bado hamjazilipia."

Muuguzi alicheka. "Nani kakudanganya? Hebu muulize mtunza stoo, ndiye aliyepambana na yule bwana."

Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi. Mtunza stoo alikuwa anahesabu mablanketi, na hakuacha kuhesabu. "Tulilipa siku ileile mzigo ulipofika," alisema. "Yule bwana alikataa kushusha hata boksi moja kabla ya kushika hundi mkononi. Miezi mitano sasa. Kwani kuna nini, mama?"

Mama Vifungo alimshukuru. Siku hiyo hakukimbia. Alitembea taratibu hadi kazini, akapanda ngazi, akapokea kikaratasi chake cha kuchelewa, akakitia mfukoni, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Bosi, hospitali imelipa. Ililipa tangu mzigo ulipofika."

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Bwana Kesho alitabasamu. "Dada yangu, kazi yako ni matundu. Usitoboe pasipokuhusu."

"Tumbo langu linanihusu."

"Basi kama hapa pamekushinda, mlango ule pale. Usirudi."

Mama Vifungo alichukua mkoba wake. Alikuwa hajafika mlangoni aliposikia kitu kizito kikiwekwa mezani. Mkasi alikuwa ameweka chini mkasi wake mkubwa. "Mlango wenyewe mpana," Mkasi alisema. "Tutapita wawili." Na binti aliyepiga pasi, ambaye kwa miaka miwili hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya "ndiyo" na "hapana", akachomoa waya wa pasi ukutani, akawafuata.

Wote watatu walikwenda moja kwa moja Ofisi ya Kazi. Afisa aliyewapokea alikuwa mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, mezani pake mafaili yamepandana kama matofali. Aliwasikiliza bila kuwakatiza.

"Mikataba mnayo?"

"Hatukupewa."

"Vitambulisho vya kazi? Mlilipwa kupitia benki?"

"Mkononi tu, mama."

Afisa alivuta pumzi. "Sheria iko upande wenu. Lakini akija hapa akasema hawajui, mimi nitamwonyesha nini? Tafuteni chochote. Sasa niandikieni majina ya wanaodai."

Mama Vifungo aliandika majina tisa. Afisa alihesabu karatasini, kisha akahesabu waliokaa mbele yake.

"Nyinyi mko watatu."

"Tunaodai ni tisa, mama. Sita bado hawajajua tu."

Afisa alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi nenda ukawajulishe waje kutia sahihi."

Jumapili nzima ikaishia milangoni kwa watu. Wa kwanza alilia, wa pili alisema mumewe hataki kesi, wa tatu alijificha ndani na kumtuma mtoto aseme hayupo. "Mwambie mama kwamba nimeiona miguu yake chini ya pazia," Mama Vifungo alimjibu mtoto, na mama akatoka huku akicheka kwa aibu. "Mimi nina watoto, shoga," alisema. "Hata mimi," alijibiwa. "Unadhani nimetembea jua lote hili kwa ajili ya nani?" Hadi wiki inaisha, wote sita walikuwa wametia sahihi, na Bwana Kesho, alipopata wito, aliwafungia mlango wa karakana siku hiyohiyo.

Siku mbili kabla ya shauri kusikilizwa, alikuja nyumbani kwa Mama Vifungo. Alikuja mchana, mume akiwa kwenye kibarua, akavua viatu mlangoni kwa adabu zote. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia mama mkwe alikuwa amelala, au walidhani amelala. Bwana Kesho alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, akaweka bahasha mezani.

"Deni lako la miezi mitano, lote. Na mwezi mmoja juu, wa asante. Unafuta jina lako, unarudi kazini Jumatatu. Mimi na wewe hatuna ugomvi."

Mama Vifungo aliitazama ile bahasha. Hakuwa mtakatifu. Ndani ya karatasi ile aliiona kodi ya nyumba, akaiona ada, akajiona akipita tena mbele ya duka la unga kichwa juu.

"Na wenzangu?"

"Wenzako nitawaona. Kesho."

Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Baba, hela hizo ulikuwa nazo siku zote?"

Bwana Kesho aliruka kidogo. "Shikamoo, mama. Hapana, hizi nimezitafuta..."

"Umezitafuta jana ukazipata leo. Mbona miezi mitano ulikuwa huzitafuti?"

Mama Vifungo akaisukuma bahasha kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza. "Bosi, nilikuwa naogopa kwamba labda kweli huna. Sasa umenitoa wasiwasi. Tutaonana Ofisi ya Kazi."

Bwana Kesho alipotoka, mama mkwe hakumsifu mkwewe. Alisema tu, "Chai yangu imepoa," lakini alisema kwa sauti ambayo Mama Vifungo hakuwahi kuisikia kwake, naye mkwewe akaenda kuipasha huku akitabasamu peke yake.

Siku ya shauri, Bwana Kesho alikuja na shati lake jeupe na hadithi mpya. "Hawa kina dada nawaheshimu sana," alimwambia afisa, "lakini si wafanyakazi wangu. Mimi ni mtu wa kukodisha mashine. Kila mmoja alikodi yake, akashona kazi zake, akatafuta wateja wake. Sasa mpangaji anamdai mwenye nyumba mshahara?"

Binti wa pasi alishika mdomo. Mkasi alisimama na kukalishwa mara tatu. Afisa aliuliza kama kuna ushahidi wowote wa maandishi. Hawakuwa nao. Akaahirisha kwa wiki moja. "Wiki moja tu," alisema, akimtazama Mama Vifungo kuliko wengine.

Wiki ile walizunguka. Mtunza stoo alikubali kusema sare zilitoka karakana ile, lakini nani alizishona, hakujua. Wauza matairi waliwaona wakipanda ngazi kila siku, lakini mpangaji naye hupanda ngazi. Siku zikawa zinakatika.

Zikiwa zimebaki siku mbili, ikawa Jumanne ya kliniki. Asubuhi mama mkwe alikuwa anatafuta kadi yake. Alimwaga kitandani kila kilichokuwemo kwenye mkoba wake wa zamani: rozari ya marehemu dada yake, picha za kitambulisho, stakabadhi za mazishi, na bunda la vikaratasi vilivyofungwa kwa mpira.

"Mama, hivyo ni nini?" Mama Vifungo aliuliza.

"Si vyako? Navikuta mifukoni nikikufulia. Nilidhani risiti za kodi. Mimi chenye mhuri situpi."

Mama Vifungo alikuwa amevisahau kabisa; kwake vilikuwa aibu ya mfukoni tu. Alikaa chini sakafuni. Mama mkwe alivaa miwani, na kwa mara ya kwanza akavisoma. *Mfanyakazi namba 7. Umechelewa kazini dakika 14. Umekatwa robo ya mshahara wa siku.* Akasoma cha pili, na cha tatu. Kisha akaiokota kadi yake ya kliniki, akaiweka kando ya vile vikaratasi, akawa anapeleka kidole huku na huku, tarehe kwa tarehe. Alifanya hivyo kwa muda mrefu.

"Hizi zote ni siku zangu," alisema hatimaye.

"Siyo zote, mama."

"Usinidanganye. Nimeona." Alivua miwani. "Ulikuwa unakatwa kwa ajili yangu, na mimi natangaza kwa watu kwamba unanibwaga. Mwanangu, kwa nini hukusema?"

Miaka kumi na mbili alikuwa amemwita "mke wa mwanangu". Mama Vifungo akachukua kimoja kati ya vile vikaratasi akajifanya anakisoma, na ndipo akaliona lile neno la kwanza kabisa, limechapwa kwa herufi kubwa. Mfanyakazi. Alipiga ukelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Siku hiyohiyo wenzake wote walipata habari, na kila nyumba ikapinduliwa. Mkasi alikuta viwili ndani ya kitabu cha dini. Mwingine alikuta chake chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Jumla vilikuwa thelathini na nane, ishirini na saba kati yake vya Mama Vifungo.

Shauri liliporudi, alivipanga mezani kwa mistari kama anayepanga vifungo. Mama mkwe alikuwa amekataa kubaki nyumbani; alikaa safu ya mbele na kanga zake mbili mpya, kadi ya kliniki mkononi, ingawa hakuna aliyemwomba kadi. Afisa alivaa miwani yake. Aliokota kimoja, akasoma kwa sauti, kisha akamgeukia Bwana Kesho.

"Mhuri huu ni wa nani?"

"Ni... unafanana na wa karakana."

"Na sahihi?"

Bwana Kesho aliinama kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Nisaidie kuelewa," afisa aliendelea, taratibu. "Huyu ni mpangaji wako wa mashine. Mpangaji anachelewaje kazini? Na huo mshahara uliomkata, uliukata wapi, ikiwa humlipi mshahara?"

Chumba kikaangua kicheko. Hata karani aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini.

"Na saa yenyewe ilikuwa mbele dakika kumi!" Mkasi alipaza sauti, na safari hii hakuna aliyemkalisha.

Bwana Kesho aliomba maji. Aliomba muda wa kumtafuta wakili. Mwisho aliomba wayamalize kindugu. Afisa alimwambia kwamba undugu ulikuwa na miezi mitano ya kujionyesha. Uamuzi ulitoka kabla ya saa sita mchana: awalipe wote tisa mishahara yote, awarudishie fedha za faini alizowakata bila haki, na awalipe fidia kwa kuwafukuza bila notisi. Siku kumi na nne.

Siku ya kumi na nne alipiga simu Ofisi ya Kazi. Aliahidi kesho.

Kesho yake alifikiwa na dalali wa mahakama, mwanamume mnene aliyebeba kwapani karatasi za gundi za kukamatia mali, na nyuma yake wanawake tisa wakipanda ngazi kwa mstari. Ndani kulikuwa na mafundi wapya na rundo la mashati ya shule yaliyotakiwa kukabidhiwa wiki ile. Dalali alisalimia, akasoma hati yake, akaanza kubandika. Mashine ya kwanza, ya pili. Alipofika kwenye mashine ya matundu, Bwana Kesho alimshika mkono.

"Ngoja, mzee. Naenda benki."

"Nenda," dalali alimjibu. "Mimi naendelea kubandika. Ukirudi nazo, nitabandua."

Alirudi kabla ya nusu saa kwisha, shati limemganda mgongoni. Walilipwa palepale, juu ya meza ya kukatia, mmoja baada ya mmoja, kila mmoja akihesabu mara mbili bila haraka na kutia sahihi. Binti wa pasi alihesabu mara tatu. Mafundi wapya walikuwa wameacha kushona, wanatazama. Mmoja wao akauliza kwa kunong'ona Ofisi ya Kazi iko wapi, na Mama Vifungo akamwelekeza bila kunong'ona.

"Mngenifuata tu taratibu," Bwana Kesho alilalamika.

"Tulikufuata taratibu miezi mitano," Mkasi alisema. "Tukachakaza viatu."

Walishuka ngazi wakiwa wameshikana mikono kama wanafunzi. Wauza matairi, waliokuwa wamesikia kila kitu kupitia dirisha, waliwapigia makofi, na mmoja akagonga ringi kwa spana kama kengele. Kwenye barabara walisimama bila kujua waagane vipi. Mmoja alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mama Vifungo alikwenda moja kwa moja kwenye duka la unga, safari hii bila kulikwepa kwa upande wa pili wa barabara, akalipa deni lote na kuomba risiti. Jioni ile mumewe alimtaka aeleze mambo yote tangu mwanzo, lakini hakupewa nafasi, kwa sababu mama yake ndiye aliyesimulia, na katika simulizi yake waamuzi walikuwa watatu na Bwana Kesho alizimia.

Sasa Mama Vifungo anafanya kazi kwenye karakana nyingine, yenye madirisha makubwa. Siku ya kuajiriwa aliusoma mkataba mbele ya mwenye karakana, ukurasa kwa ukurasa, akaomba ruhusa yake ya kliniki iandikwe humo. Ikaandikwa. Wenzake wamemchagua awe msemaji wao. Mshahara hutoka tarehe ishirini na nane. Mwezi uliopita benki ilichelewesha kwa siku mbili, na mwenye karakana, ambaye nasikia alishapata habari zake, alikuja mwenyewe mpaka kwenye mashine ya matundu kuomba radhi, kabla hajaulizwa na mtu.